Turubai la Mwinjilisti

Mwinjilisti Lusangija alishuka Sikonge mwezi wa Mei,
turubai begani, limekunjwa, limefungwa kwa katani.
Akalitundika ndani ya ghala la tumbaku,
kati ya mizani na tangazo la mbolea.

Tukawaona.
Mnyama atokaye baharini, vichwa saba, pembe kumi,
amepakwa rangi ileile ya mlango wa zahanati.
Nzige wenye nyuso za watu.
Nyota iliyoanguka ikatia mito uchungu.
Farasi wanne, wa tatu mweusi,
mpandaji wake ameinua mizani.
Aliyechora hakuwahi kuiona bahari:
aliipaka kijani, kama bwawa letu lenye magugu.

Kwa fimbo ya mwanzi akahesabu:
pembe hii dola fulani, ile dola nyingine,
siku ni mwaka, juma ni miaka saba,
jumlisha, toa,
jibu likaangukia Oktoba,
kabla ya mvua za kwanza.

Mama yangu Kalunde, mrina asali,
alikaa nyuma, mikono inanuka moshi.
Aliuliza swali moja tu:
"Huyo wa farasi mweusi,
mizani yake hukaguliwa na nani?"
Ghala zima likacheka.
Lusangija hakucheka. Alifunua daftari,
akafunua tena.

Mama alimjua yule mpandaji.
Kila msimu alifika kwa pikapu,
na belo la kilo themanini
likasoma sitini na nane.
Mteuzi akapita na chaki, akaandika daraja,
na asiye na namba ya chama
hakuuza, wala hakununua chumvi.
"Chapa," aliniambia njiani,
"wenzangu wanaingoja kwenye paji la uso.
Yangu ilikuja kwenye kitabu cha mkopo."

Oktoba ikafika.
Miyombo ikatoa majani mekundu, kama kila mwaka,
ila mwaka ule watu waliyatazama.
Shija Mlela aliuza mbuzi wote, hakumwagilia kitalu,
akakaa kibarazani na shati jeupe lililopigwa pasi.
Mwezi ulichomoza mwekundu kwa moshi wa mashamba.
Kisha mvua ikanyesha.
Mvua tu.
Shija akalowa, hakuingia ndani.

Lusangija aliondoka usiku, turubai akaliacha.
Vijana walitaka kulichoma.
"Mnachoma nini?" mama aliwauliza.
"Amekosea tarehe. Mnyama hakumkosea."

Usiku ule, tukikamua masega, nilimuuliza
kwa nini Mungu aandike kwa pembe na mikia,
asiseme wazi kama mtu mzima.
Alilamba kidole kwanza.
"Yule Yohana alifungwa kisiwani.
Barua ya mfungwa husomwa na askari.
Angeandika *mfalme*, ingeishia jikoni kwa askari.
Akaandika *mnyama*.
Waliokuwa wanaumwa naye wakaelewa."

Akanionyesha kisu chake cha mizinga.
"Nikichonga alama kwenye mti,
mgeni huona kovu.
Wewe unaona jina la nani?"
Lako, nikasema.
"Basi."

Habari za kile kitabu kidogo alichopewa akile,
mdomoni asali, tumboni shubiri,
hizo hakuhitaji kufundishwa.
Kuna miti porini hutoa asali chungu.
Wengine huimwaga.
Yeye aliitia chupa ya pekee, akaiweka juu ya kabati,
na kila akitoka sokoni kwenye tumbaku
alikunywa kijiko, amesimama,
bila kukunja uso.

Sasa yeye hayupo, mizinga ni yangu.
Turubai linafunika ndoo.
Vichwa vitatu vimefutika, bahari imekuwa kijivu,
na nyuki wanatembea juu ya mnyama bila woga,
wanatafuta tone lililomwagika
kati ya pembe ya nne na ya tano.

Kesho soko linafunguliwa.
Mizani ni ileile.
Nimechukua jiwe la kilo kumi, nimelipima kwa mgonjwa wa mama,
yule mwenye duka wa Tabora asiyedanganya,
nitakwenda nalo mkobani.